Tonge la Aliyepika

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya akina baba baada ya swala ya Alasiri, mjini Morogoro. Yanachapwa kama yalivyosemwa, isipokuwa palipopunguzwa kwa ajili ya nafasi.)

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Nimepewa nafasi ya kuzungumza juu ya maisha ya nyumbani, nami nimechagua kuzungumza juu ya sufuria. Najua baadhi yenu mnasema moyoni kwamba habari hiyo ingefaa ipelekwe upande wa akina mama. Katibu naye aliniuliza kama awaalike. Nikamwambia, la, wao wanayajua haya tangu usichana wao. Wasiojua ni sisi tulioketi hapa, na wa kwanza wa wasiojua nilikuwa mimi.

Mwaka 2012 nilikuwa mtunza ghala. Kazi yangu ilikuwa kujua kilichoingia na kilichotoka. Likipungua bati moja, ilinipasa niseme limekwenda wapi, amelichukua nani na kwa hati gani. Leja yangu ilikaguliwa mara nyingi, na namshukuru Mwenyezi Mungu, haikupata kukutwa na kasoro. Nyumbani nako nilijiona mtu wa mizani. Kila asubuhi kabla ya kutoka niliacha fedha ya matumizi mezani, chini ya sahani, wala sikuchelewesha. Nilijua bei ya mchele, ya unga, ya mafuta na ya mkaa. Jioni nikirudi nilikuta chakula kimefunikwa kawa, nikala, nikasema Alhamdulillahi. Na siku nyingine, Mungu anisamehe, nilisema chumvi imezidi.

Mwaka huo mama watoto wangu alikuwa na mimba ya miezi saba, mimba yetu ya tano. Akaanza kuona kizunguzungu. Akipanda vidato viwili vya baraza letu huhema kama aliyeshuka mlima wa Uluguru na mzigo wa ndizi kichwani. Nikampeleka kliniki, wakampima damu. Ikaonekana ni 7.4, na mama mjamzito anatakiwa asipungue 11. Malaria hakuwa nayo, dawa ya minyoo alikwisha kupewa. Basi muuguzi, mama wa makamo, akanigeukia akaniuliza, "Baba, huyu mama anakula nini?"

Nikamjibu kwa ujasiri, "Tunakula vizuri, tunamshukuru Mungu. Wali, ugali, maharage, nyama mara mbili kwa juma."

Akaniambia, "Sikuuliza mnakula nini. Nimeuliza yeye anakula nini."

Ndugu zangu, nilinyamaza. Mtu niliyeweza kusema kila msumari wa ghala umekwenda wapi, sikuweza kusema mke niliyekaa naye miaka kumi na moja alikula nini jana. Nilimtazama yeye anisaidie kujibu, naye akatazama chini.

Jioni ile nilimwita binti yetu mkubwa, wakati huo ana miaka tisa, nikamwomba anieleze chakula kinavyopakuliwa. Watoto hawajui kuficha. Akaniambia nyama ya nusu kilo hukatwa vipande kumi na viwili. Vinne huwekwa katika bakuli la baba. Viwili ni vya baba mdogo, ndugu yangu aliyekuwa akikaa kwetu. Vinne ni vya watoto, kila mmoja kimoja. Viwili huwekwa pembeni, maana huenda baba akaja na mgeni. Nikauliza, na mama? Akasema, "Mama anakula ukoko na mchuzi uliobaki. Akichoka anakunywa chai tu."

Na mgeni asipokuja, vile viwili? "Unakula wewe asubuhi, baba."

Kumi na viwili vimeingia, kumi na viwili vimetoka, salio sifuri, na aliyesimama jikoni tangu saa tisa hayumo kabisa katika hesabu. Hakuna aliyeamuru iwe hivyo. Mimi sikuamuru, na mama yangu hakuagiza. Nilipomuuliza mke wangu kwa nini hakuniambia, alinishangaa. Alisema, "Kwani mama yangu alikuwa akilaje?"

Lakini lililonichoma zaidi lilikuwa jingine. Yule binti alipokuwa akinyanyuka akaongeza, kama jambo la kawaida tu, kwamba kipande chake naye siku hizi humpa mdogo wake wa kiume, kwa sababu yeye ni mkubwa sasa. Ana miaka tisa, na tayari amekwisha kujifunza kula ukoko.

Wala msidhani nyumba yangu ilikuwa ya peke yake. Utafiti wa afya wa taifa letu wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila wanawake 100 walio katika umri wa kuzaa, zaidi ya 40 wana upungufu wa damu, na katika kila watoto 100 wasiotimiza miaka mitano, 30 wamedumaa. Sababu zake ni nyingi, na umaskini ni mmojawapo. Lakini katika nyumba yangu nyama ilikuwapo. Tatizo lilikuwa upawa.

Sisi hapa twapenda sana habari za Mtukufu Mtume (s.a.w.) na chakula. Tunasimuliana kwamba hakupata kukitia ila chakula hata siku moja. Akikipenda hula, asipokipenda hukiacha. Tunasimuliana jinsi alivyomwusia Abu Dharr (r.a.) aongeze maji katika mchuzi awakumbuke majirani. Hiyo ya mchuzi wa jirani twaipenda zaidi, nadhani kwa sababu haitudai sisi kuingia jikoni. Tunaagiza tu maji yaongezwe. Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa swala ukifika hutoka kwenda kuswali. Na yuko Saad bin Abi Waqqas (r.a.), aliyekuwa mgonjwa huko Makka akafikiri kuitoa sadaka mali yake nyingi. Mtume (s.a.w.) alimfundisha kwamba kila anachotoa kwa kutafuta radhi ya Mwenyezi Mungu ana thawabu yake, hata tonge anayomtilia mkewe kinywani.

Tonge, ndugu zangu! Hakutaja fedha inayoachwa chini ya sahani. Tonge huwezi kumtilia mtu kinywani nawe uko sebuleni na yeye yuko jikoni. Hapana budi muwe mmeketi pamoja.

Basi mke wangu aliamriwa apumzike, akapewa vidonge vya kuongeza damu, na mimi nikachukua likizo yangu ya siku ishirini na nane nikaingia jikoni. Siku ya kwanza nilibandika maharage makavu kama yalivyotoka gengeni. Nilianza baada ya Adhuhuri, na Magharibi ikaadhiniwa yangali magumu kama kokoto. Mkaa wa siku mbili uliteketea. Watoto walikula mkate na chai, na ndugu yangu akakumbuka kwamba ana shughuli mjini.

Siku ya pili mama mkwe akaja. Sasa mnajua heshima ya mkwe: hawezi kuingia jikoni nami nimo. Akaketi barazani, mgongo kwangu, akawa anamtuma mjukuu wake. "Kamwambie baba yako ayaloweke usiku kucha." "Kamwambie yale maji ayamwage, atie mengine." "Kamwambie chumvi mwisho, tui jepesi kwanza, tui zito likiingia asiache kukoroga, litakatika." Ndivyo nilivyosomeshwa, kwa mjumbe wa miaka tisa aliyekuwa akicheka njia nzima.

Muuguzi naye alikuwa ametupa yake. Maharage, dagaa, nyama na mboga za majani huongeza damu, lakini mboga na maharage husaidia zaidi mwili ukipata na kitu chenye uchachu, kama kukamulia ndimu au kula chungwa. Na chai, ile chai yetu tunayoshushia ubwabwa, huzuia madini ya damu yasiingie mwilini. Ingojwe walau saa moja. Fikirini basi, mke wangu alikuwa akila kidogo, na hicho kidogo akikifuatisha chai. Mtoto wa mwisho, wa miaka miwili, tulimtenga bakuli lake mwenyewe, maana katika sinia la pamoja mwenye mkono mdogo huondoka na njaa na hakuna anayejua.

Nilijifunza pia habari ya moshi. Mkaa ukinyesha mvua tulipikia kuni, na baada ya siku tatu macho yangu yalikuwa mekundu na kifua kinawasha. Yeye alikuwa ameuvuta moshi huo miaka yote, mtoto mgongoni. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majiko ya nyumbani uliua watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, zaidi ya laki mbili kati yao wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano. Mwezi Mei 2024 serikali yetu ilizindua mkakati wa kuwafikisha Watanzania asilimia 80 kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Si kila mmoja wetu anamudu mtungi wa gesi, nalikubali. Lakini wako kati yetu wanaosema gesi ni ghali, na simu iliyo katika kanzu yake inanunua mitungi minne. Na asiyemudu leo, angalau jiko likae penye hewa. Wala jiko la mkaa lisiingizwe kamwe chumba cha kulala kwa ajili ya joto. Hewa yake ya sumu haina harufu, na watu hulala wasiamke.

Likizo ilipokwisha nilirudi ghalani, na sikudai kwamba ningeendelea kupika kila siku. Wako watakaoniambia, "Mke wangu mwenyewe hataki nimwingilie jikoni." Vema, usimwingilie. Mimi niliweka sharti moja tu nyumbani kwangu: chakula hakianzwi mpaka aliyepika ameketi, na nyama inagawanywa mbele ya wote.

Msidhani lilikubaliwa kwa furaha. Siku ya kwanza mke wangu aliona haya, akasema ana kazi, akasimama mara tano kufuata chumvi, maji, kijiko. Chakula kikapoa, watoto wakanuna. Ilichukua zaidi ya mwezi. Mama yangu mzazi alipokuja kututembelea, akaniona nimemngoja mke wangu, bakuli limefunikwa, alinivuta kando akaniuliza kwa sauti ya huruma kama nimelishwa limbwata. Nikamwambia, "Mama, keti nawe. Lini mara ya mwisho ulikula chakula ulichopika kingali cha moto?" Alifikiri kitambo. Hakunijibu, lakini aliketi.

Ramadhani ndipo penye mtihani mkubwa. Sisi tunatoka msikitini tumefungua kwa tende tatu, tunakuta mezani mihogo ya nazi, magimbi, tambi, viazi vitamu, maandazi, uji wa pilipili manga, na bado mmoja wetu huuliza, "Leo hakuna kaimati?" Aliyefunga sawa na wewe, aliyesimama mbele ya moto tangu Alasiri, adhana imemkuta ana upawa mkono mmoja na tende mkono wa pili. Kwetu tulipunguza vikawa vitu viwili na uji. Niliogopa wageni watatusema. Wengine walisema kweli. Mwaka uliofuata jirani mmoja alimwambia mkewe aige, na mkewe akaja kumshukuru mke wangu kwa kanga.

Damu yake ilipopimwa wiki ya kujifungua ilikuwa imefika 10.6. Haikufika 11, na usiku ule niliokaa kwenye benchi la hospitali sitausahau, kwa maana muuguzi wa zamu alikuwa amenieleza mapema kwamba mwenye damu chache, ile anayoipoteza katika kuzaa huweza kumwondoa. Mtoto alizaliwa karibu na Alfajiri. Sasa yuko sekondari, na anapakua vizuri kuliko dada zake.

Yule binti wa miaka tisa ameolewa. Mwezi uliopita nilikwenda kwake bila taarifa, wakati wa chakula cha mchana. Sikutazama kilichowekwa mbele yangu. Nilitazama alipoketi, na kilichokuwamo katika sahani yake.

Ndugu wawili waliniuliza kabla ya kikao kipimo cha maharage. Kikombe kimoja cha maharage, vikombe vitatu vya maji, mchana kutwa au usiku kucha, kisha mwage maji hayo. Leo ni Jumamosi na kesho wengi wetu tupo nyumbani, hivyo mtakaporudi baada ya Isha yawekeni ndani ya maji wenyewe, wala msimwamshe mtu.