Maandamano ya Wakristu wa Kale: Nani Anatembea, Nani Anaongoza?



Katika Jubilei hii tumeandamana sana. Basi nimependa kuwaeleza maandamano ya wazee wetu katika imani, huko Ulaya.

Karibu mwaka wa 470 mji wa Vienne, kando ya mto Rhône, ulishikwa na hofu. Nchi ilitetemeka, moto uliunguza majumba, paa wa porini waliingia mpaka uwanjani. Wakubwa kwa wadogo wakauhama. Askofu Mamertus akaamuru siku tatu za kufunga na kuandamana, kabla ya sikukuu ya Kupaa Bwana. Lakini aliwajua watu wake, hasa mabwana wa baraza la mji, wasiopenda jambo jipya. Kwa hiyo siku ya kwanza aliwapeleka kwenye kanisa lililo karibu na ukuta tu, apate kuwapima. Walipoitika kwa machozi, akawapeleka mbali zaidi. Huyo ndiye mchungaji mwenye akili!

Mwaka wa 511 Maaskofu 32, walioitwa na mfalme Clovis, wakakutana Orléans. Wakaagiza siku hizo tatu zishikwe na makanisa yote, tena watumwa na wajakazi waachiliwe kazi zote, ili watu wote wakusanyike. Fikirini, ndugu zangu: ni majira ya kazi za shamba, na bwana mwenye shamba anaambiwa mikono aliyoizoea kuiamuru ni ya litania kwa siku tatu. Utumwa haukufutwa, baadaye jembe lilirudi palepale. Hata hivyo, katika njia ile mtumwa alikuwa mwombaji pamoja na bwana wake.

Mtaguso wa Mainz, mwaka wa 813, uliongeza: mtu asipande farasi, asivae nguo za thamani, bali atembee miguu mitupu, katika majivu. Nadhani hakuna anayekataza jambo lisilotendeka.

Hata Roma njia ilikuwa na hatari. Tarehe 25 Aprili 799, Papa Leo III akienda kwenye Litania Kuu, adui zake walimvamia mbele ya watu, wakamwangusha chini. Akakimbilia kwa mfalme Karolo Mkuu, huko Paderborn. Alirudi tarehe 29 Novemba. Mapadri, wakubwa, watawa wa kike, hata wageni wa kila kabila waliokaa Roma, walimpokea kwa bendera na nyimbo penye Daraja la Milvio, palepale ambapo Litania ya Aprili ilikuwa na desturi ya kupita.