Nani atasimama kwa ajili ya Onesimo?

Somo: Barua kwa Filemoni 8–22



Mufungwa akiwa ndani, tunamuhurumia. Tunamupelekea bugali na maharagi, tunaombea gereza. Lakini siku anayotoka, tunamwogopa.

Fikiria ndugu mumoja anayetoka Kasapa, ao Makala kule Kinshasa. Makala ilijengwa kwa ajili ya watu 1.500, lakini inabeba watu mara nyingi kupita hesabu hiyo, na walio wengi mule hawajahukumiwa bado. Kwa hiyo si kila anayetoka ni mwizi. Lakini kwenye avenue watu hawaulizi. Wanasema tu: "Mutu wa gereza."

Mukononi ana karatasi ya kufunguliwa, basi. Nyumba aliyopanga imepata mutu mwingine. Muke amerudi kwao. Mwenye nyumba anaomba garanti ya miezi, tena anauliza: "Nani anakujua?" Jioni inaingia, analala kwenye baraza ya duka. Asubuhi kitu kikipotea, jina lake ndilo la kwanza kutajwa.

Paulo naye alikuwa mufungwa alipoandika barua hii. Onesimo alikuwa mutumwa wa Filemoni, alikuwa ameachana na bwana wake. Paulo hakumwambia tu: "Nenda, Mungu akusaidie." Aliandika kwa mukono wake mwenyewe kwamba kama kuna deni, lihesabiwe juu yake. Wandugu, hiyo ndiyo garanti! Na mwishoni akaomba atayarishiwe chumba, maana alitumaini kufika kwao yeye mwenyewe.

Sisi tufanye vilevile. Mutu mumoja hawezi kubeba yote. Washirika kumi wachange garanti ya chumba kimoja. Fundi seremala amupe nafasi kwenye meza yake ya kazi. Muzee mumoja aende naye kwa shefu wa avenue na kusema: "Huyu ni wetu. Akikosa, muniite mimi." Kila juma mutu amutembelee.

Utasema: "Na kama akitudanganya?" Inawezekana. Anayesimamia deni la mwenzake anaweza kulilipa kweli. Paulo alijua hivyo, na bado akatia mukono.

Bwana Yesu, ulisimama kwa ajili yetu tukiwa na deni. Utufundishe kusimama kwa ajili ya ndugu yetu anayetoka leo. Amina.