Saba Saba Iliyovuka Mto Kagera

Ninyi wahitimu wa kidato cha nne ambao Iringo nzima, hapa Musoma, imewasikia mkiimba tangu asubuhi,

Saba Saba mnayoijua ni ya Julai: kuzaliwa kwa TANU mwaka 1954, na maonyesho ya biashara. Waganda wa umri wa babu zenu wanaijua nyingine. Kwao Saba Saba ni mlio. Ndivyo walivyouita mtambo wa roketi wa JWTZ, BM-21, uliotengenezwa Urusi, katika vita vya Kagera.

Mtambo wenyewe ni lori. Mgongoni limebeba mirija 40, safu nne za mirija kumi kumi. Roketi moja ina urefu unaokaribia mita tatu na uzito wa kilo 66 hivi, kupita mfuko wa saruji, na hupakiwa kwa mikono, moja baada ya nyingine. Kupakia ni kazi ya dakika kadhaa na jasho jingi. Kuzifyatua zote ni sekunde 20. Hapo dereva anatia gia na kuondoka mbio, maana moshi umeshamwonyesha adui alipo.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuliteka eneo lote la kaskazini ya mto Kagera, kilomita za mraba zipatazo 1,800. Amin akatangaza kwamba ni mali ya Uganda. Daraja la Kyaka likalipuliwa. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akawaeleza wananchi habari ya uwezo, sababu na nia, katika hotuba ambayo wengi wenu mnaweza kuiigiza hadi mkohozo. Lakini kati ya hotuba na mto kulikuwa na matope. Ilikuwa vuli, na askari walikuwa wametawanyika nchi nzima. Yakachukuliwa mpaka magari ya raia ili kuwafikisha. Jeshi lisilofika watu 40,000 likakua, pamoja na mgambo, hadi kupita 150,000. Katikati ya Novemba BM-21 zikafika Kyaka na kufyatuliwa ng'ambo. Wengi wa askari wa Amin hawakusubiri zipakiwe mara ya pili.

Nani alishinda pale, Mrusi au Mtanzania? Kabla hamjajibu, kumbukeni kwamba ndege za MiG-21 za Amin nazo zilitoka Urusi. Duka lilikuwa moja, wateja wawili. Na roketi isiyo na mtu wa kupiga hesabu ya pembe na umbali ni mzigo wa chuma tu. Wale waliokuwa wakimsumbua mwalimu wa hisabati kwamba sine na kosine zitawasaidia nini maishani, jibu moja liko Kyaka.

Ila tusijisifu mno. Tarehe 10 Machi 1979, huko Lukaya, kwenye barabara ya kwenda Kampala, mlio uleule ulitoka upande wa pili. Gaddafi wa Libya alikuwa amemtumia Amin askari na roketi za aina hiyohiyo. Roketi za Walibya ziliupita mji, hazikulenga sawa, lakini Brigedi ya 201, ambayo wengi wake walikuwa mgambo wasiowahi kuonja vita, ilivunja safu na kukimbia. Watanzania! Woga hauulizi uraia. Alfajiri yake Brigedi ya 208 ya Mwita Marwa, jina ambalo mtu wa Mara hahitaji kuelezwa, ilizunguka na kuwapiga Walibya kutoka walikokuwa hawatazami. Mkuu wa divisheni yenye brigedi hizo mbili alikuwa David Musuguri, mtoto wa Butiama, aliyefariki Oktoba 2024 akiwa na miaka 104. Walibya walikuwa na silaha nzuri, lakini walikuwa wakipigania nchi isiyo yao, bega kwa bega na wenyeji ambao macho yao yalishaelekea nyumbani. Mwishoni mwa mwezi huo ndege ya Libya ilitumwa kuipiga Mwanza. Mabomu yakaikosa shabaha na kuua wanyama wa kisiwa cha Saanane.

Leo gumzo ni Ukraine na roketi za HIMARS ilizoanza kupewa na Marekani mwaka 2022. Kipimo chake ni rahisi kwa mtu wa hapa: BM-21 ya wakati ule ikifyatuliwa Musoma haifiki hata Butiama, HIMARS inavuka Bunda. Lakini aliyezitoa alitaka pia kusema zielekezwe wapi, na hadi mwaka 2024 Ukraine ilikuwa bado inaomba ruhusa ya kupiga ndani ya Urusi. JWTZ ilipovuka Mutukula Januari 1979 na kuingia Kampala Aprili 11, uamuzi ulikuwa wa Dar es Salaam. Uhuru huo ulikuwa na ubaya wake pia. Masaka ilipigwa mizinga usiku kucha, kisha majengo yakalipuliwa kulipiza kisasi cha Kagera, na hilo hakuna wa kumsingizia.

Halafu ikaja bili. Mwalimu aliomba watu wafunge mikanda kwa miezi 18. Mikanda ikabaki imefungwa miaka. Sukari ikawa ya foleni, sabuni ikawa ya foleni, na mwaka 1983 Waziri Mkuu Sokoine akaanzisha msako wa wahujumu uchumi. Wako bibi hapa, waliokaa kivulini, wanaoujua ukurasa huo kuliko kitabu chenu cha historia. Kabla keki haijakatwa, nendeni mkawaulize mche mmoja wa sabuni ulikuwa ukikatwa vipande vingapi.