Utabiri Bila Saa Yake
(Maneno kwa mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Mtandao wa ndani wa shule waweza kuonyesha utabiri wa hali ya hewa bila mtu kuunakili kwa mkono. Taasisi ya Hali ya Hewa ya Norwei, kwa mfano, hutoa bure utabiri wa dunia nzima kupitia API, yaani mlango ambapo programu moja huomba habari kwa nyingine. Lakini mgeni hupiga hodi. Programu isiyojitambulisha hukataliwa kwa jibu namba 403. Aidha, kila jibu huja na saa ya kuisha muda wake. Kabla ya saa hiyo usiulize tena.

Kwa hiyo kompyuta za wanafunzi zisiende kuomba kila moja peke yake. Seva ya shule iombe mara moja, ihifadhi, kisha igawe.

Tena ukurasa utaje chanzo na saa ya utabiri. Mawasiliano yakikatika, utabiri wa juzi hubaki kwenye skrini ukiwa na sura ya leo. Atakayeanika mahindi ya jiko la shule kwa kuuamini, mvua haitamhurumia.

Vijana, tarakimu isiyo na tarehe msiipokee.