Kadi za Picha Mbili
(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya kadi ninazokusanya. Wengi wenu huniuliza: mbona kila kadi ina picha ileile mara mbili?

Tafadhali, kila mmoja asimamishe kidole mbele ya pua. Fumba jicho la kulia, kisha la kushoto. Kidole kinahama! Macho yetu yameachana milimita 65 hivi, na kila jicho huona kwa upande wake. Ubongo huunganisha mawili hayo, ndipo tunapotambua kilicho karibu na kilicho mbali.

Mwingereza Charles Wheatstone alilieleza jambo hili mwaka 1838, akaunda stirioskopu ya vioo viwili. Alitumia michoro, maana upigaji picha ulitangazwa mwaka uliofuata. Baadaye David Brewster wa Scotland alitumia lenzi, na chombo cha namna yake kikampendeza Malkia Victoria kwenye maonyesho ya London, 1851. Mwaka 1861 daktari wa Boston, Oliver Wendell Holmes, alibuni kile chepesi cha kushika mkononi. Hakudai haki ya ubunifu, hivyo kila fundi aliweza kukiiga. Basi kabla ya sinema na redio, familia nyingi za Ulaya na Marekani zilitembea duniani zikiwa zimeketi sebuleni. Mwaka 1939 ikaja View-Master, yenye kisahani cha picha 14 zinazotoa mandhari 7.

Kumbe picha hizo mbili si ileile. Nimepata kuletewa kadi zilizokatwa kwa mkasi, nusu moja ikatupwa kwa kudhaniwa ni ya ziada. Iliyobaki ni picha ya kawaida tu. Mlima wake umelala bapa. Nyingine zilibandikwa upya, ya kushoto ikawekwa kulia. Ukizitazama kwa chombo, cha mbali kinakuja mbele na cha karibu kinarudi nyuma.

Ndugu zangu, ombi langu ni moja. Mkikuta kadi hizi katika masanduku ya wazee au kabati la shule, msizikate wala msizitupe. Zitazameni vizuri: mti wa picha hii umesogea kidogo katika ile. Tofauti hiyo ndogo ndiyo mali yenyewe.