Ndugu Yako Amekosa Tena

Leo twataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo wengi wetu tumeliombea, tukainuka tukidhani limekwisha, na kabla ya Jumapili ya pili likawa limerudi mlangoni. Nalo ni kumsamehe mtu ambaye tulikwisha kumsamehe, naye amelirudia kosa lilelile.

Ukiwa na Biblia yako, fungua Mathayo sura ya 18, kuanzia mstari wa 21. Petro anamwendea Bwana na swali lake: ndugu yangu akinikosa, nimsamehe mara ngapi? Naye anapendekeza hesabu mwenyewe, mara saba. Tusimcheke Petro. Mara saba ni nyingi. Mbuzi wa jirani wakiingia katika mahindi yako mara moja, utawafukuza tu. Mara ya pili utakwenda kusema naye kwa upole. Ya tatu utapaza sauti. Ni wangapi kati yetu waliofika mara ya saba na bado wanasalimiana vizuri njiani? Petro alikuwa amejinyosha mkono mpaka mwisho wake.

Bwana akamjibu kwa hesabu nyingine, saba mara sabini. Wako wafasiri wanaosoma sabini na saba, na wengine mia nne na tisini. Wala haidhuru, kwa maana Bwana hakumpa Petro namba ya kuandika ukutani. Lakini neno hili lina historia yake. Katika Mwanzo sura ya 4 tunamsoma Lameki, mtu wa ukoo wa Kaini, akijisifu mbele ya wake zake kwamba yeye atalipizwa kisasi mara sabini na saba. Kisasi kilikuwa na hesabu yake tangu zamani, na hesabu hiyo ilizidi kupanda. Yesu anaishika hesabu ya Lameki na kuigeuza, ili huruma ipande vivyo hivyo.

Basi tuseme yuko mama mmoja upande wa Masii, na mdogo wake wa kiume. Mama huyu ameuza mbaazi, ameweka fedha za karo. Mdogo wake anakuja, anaomba akopeshwe apate nauli ya kwenda Nairobi kutafuta kazi. Anapewa. Nairobi haendi, fedha zinaishia penye kaluvu. Baada ya siku chache anarudi, macho chini. “Dada, nisamehe. Sitarudia.” Anasamehewa. Msimu unaofuata ni vilevile, na msimu wa tatu vilevile. Mara ya nne amesimama uani, na mama anamwambia, “Maneno hayo nimeyasikia mara tatu. Leo hii ni ya nne.”

Twamwelewa mama huyu. Lakini tazama alichosema. Ikiwa hii ni ya nne, zile tatu zilikuwa wapi? Zilikuwa daftarini. Kila mwenye duka anajua kwamba deni lililofutwa halihesabiwi tena. Ukilisoma bado, halijafutwa. Mara nyingi tunaposema tumesamehe, tumefunga daftari tu na kuliweka chini ya godoro, na mtu akikosa tena tunalitoa na kumsomea kuanzia ukurasa wa kwanza. Mume na mke hufanya hivyo. Wazee wa kanisa hufanya hivyo katika vikao, wakimkumbusha mtu jambo la miaka kumi iliyopita ambalo walimwombea wao wenyewe.

Je, mama yule ampe tena fedha za karo? Hapa tusikilizane sana, kwa maana Wakristo wengi huchanganya mambo mawili. Kusamehe ni kufuta deni. Kumwamini mtu tena na mali ni kumkopesha upya. Bwana ametuamuru la kwanza. Hakutuamuru la pili kila wakati. Mama anaweza kusema, “Ndugu yangu, nimekusamehe, ingia ndani ule, lakini fedha za watoto sikupi. Kesho tutakwenda wote kwa mchungaji, tuzungumze juu ya ulevi huu.” Akimpakulia muthokoi na kuketi naye, huku akimnyima fedha, hajavunja neno la Kristo hata kidogo.

Mtazame Yusufu katika Mwanzo, sura ya 42 hadi ya 45. Ndugu zake waliomwuza walipokuja kutafuta chakula Misri, alijitenga nao akalia. Moyo wake ulikuwa umekwisha kulegea. Hata hivyo hakujidhihirisha siku ile. Aliwajaribu aone kama watamtupa Benyamini kama walivyomtupa yeye. Machozi yake yalikuwa ya kweli, na kipimo chake pia kilikuwa cha kweli.

Na katika Luka 17, mstari wa 3 na wa 4, Bwana anasema tumkemee ndugu akosaye, na akitubu tumsamehe, hata akija mara saba kwa siku moja. Sisi twapenda kuruka lile neno la kukemea, kwa kuwa ni rahisi zaidi kunyamaza na kununa.

Yapo makosa mengine yanayorudiwa ambayo kuyanyamazia ni dhambi. Mwanamke anapigwa na mumewe, anakimbilia kwa wazee na jicho limevimba, na wako wazee wanaomwambia, “Rudi nyumbani mama, samehe saba mara sabini.” Wanamrudisha penye fimbo na Biblia mkononi. Hilo si neno la Yesu. Katika sura ile ile ya 18, kabla Petro hajauliza, Bwana amesema kwamba ndugu aliyekosa aendewe faraghani, kisha mbele ya mashahidi, kisha mbele ya kanisa zima. Mwenye kupigwa na apelekwe mahali pa salama, na mwenye kupiga aitwe, aulizwe, na sheria ifanye kazi yake. Msamaha wa mama huyo utakuja kwa wakati wake, kati yake na Mungu, wala usitumiwe kama kamba ya kumfungia nyumbani.

Sasa tuondoke barazani kidogo, tuangalie milima yetu. Wenye umri mkubwa walisimuliwa na wazazi wao jinsi nchi hii ya Machakos ilivyokuwa katika miaka ya 1930. Mwaka 1937 afisa wa kilimo, Colin Maher, aliandika taarifa juu ya udongo wa Ukambani, nayo ilikuwa ya kutisha. Mvua ilikuwa ikichukua udongo na kuacha makorongo na mawe. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ilikuja kupunguza ng'ombe kwa nguvu, na watu wakaandamana hadi Nairobi pamoja na Muindi Mbingu. Ng'ombe wa watu hawakuiponya nchi. Kilichosaidia sana, pamoja na mambo mengine, ni matuta. Kwanza watu walilazimishwa kuyachimba, wakayachukia. Baadaye waliyachimba kwa hiari, kina mama wengi wakishirikiana katika mwethya, jembe kwa jembe. Na mwaka 1994 wachunguzi walitoa kitabu kuonyesha kwamba watu wa wilaya hii walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano tangu miaka ile ya 1930, na bado mmomonyoko ulikuwa umepungua.

Kila mkulima anayetusikiliza anajua fanya juu: unachimba mtaro, na udongo unaotoka unautupa upande wa juu, unapanda majani ukingoni. Je, ulimwona mtu aliyechimba matuta mwaka mmoja akasema amemaliza? Mvua za Machi zinakuja, mahali fulani ukingo unabomoka. Unaurudishia. Mvua za Oktoba zinakuja, unabomoka palepale, kwa maana maji yanakumbuka njia yao. Unaurudishia tena. Hakuna anayesema, “Nimelitengeneza tuta hili mara saba, sasa basi, shamba na liende mtoni.” Atakayeona hasara ni yeye. Wala tuta halikubali tu kila maji yatakavyo. Linayazuia yasikimbie ovyo, linayafanya yatulie na kunywesha mahindi. Kumsamehe anayerudia ni kazi ya namna hiyo, ya kila msimu, na ukingo wake ni ule ukweli unaomwambia ndugu yako.

Lakini nguvu za kurudia tunazitoa wapi? Bwana alipomaliza kumjibu Petro alieleza habari za mtumwa aliyesamehewa talanta elfu kumi. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, na dinari ilikuwa mshahara wa kibarua wa siku moja. Hesabu mwenyewe: talanta moja tu ingemgharimu mtu karibu miaka ishirini ya kazi, naye alidaiwa elfu kumi! Halafu mtumwa huyo akamkaba mwenzake kwa dinari 100. Na twaomba mtambue kwamba dinari 100 hazikuwa kitu kidogo. Ni zaidi ya miezi mitatu ya kibarua. Yesu hasemi kwamba ulilotendewa ni jambo dogo. Fedha za karo zilizopotea ni fedha, na machozi ni machozi. Anatuambia tu tutazame kwanza deni lile lingine, na tukumbuke sisi wenyewe tumeungama dhambi ile ile mbele za Mungu mara ngapi mwaka huu.

Mitume walielewa ugumu huu. Waliposikia habari ya mara saba kwa siku moja, katika Luka 17, walimwomba Bwana awaongezee imani. Waliomba hivyo kwa ajili ya ndugu anayerudi jioni na kosa la asubuhi.

Na uchungu nao hurudi hata pale mkosaji hajaja kutubu. Mnamo Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi alikimbia nchi pamoja na mke wake. Akiwa uhamishoni aliona moyo wake mwenyewe unaanza kuwa mchungu na mgumu juu ya Amin, naye aliungama hayo mbele za Mungu. Mwaka ule ule alitoa kitabu kidogo ambacho jina lake liliwashangaza wengi: I Love Idi Amin. Hakuacha kusema waziwazi juu ya mauaji yale. Mwaka 1979, baada ya Amin kuondolewa, alirudi Uganda kuwahudumia watu ambao wengi wao walikuwa na majeraha kama yake.

Na tuombe.

Baba yetu wa mbinguni, yuko anayetusikiliza sasa ambaye jioni hii atabishiwa hodi na mtu yule yule, kwa maneno yale yale. Umpe neno la kweli la kumwambia, na sahani ya kumwekea. Yuko mwingine ambaye ndiye atakayebisha hodi, naye anaona haya. Umtie nguvu afike mlangoni, na umsaidie kuacha. Na yule asiye salama nyumbani mwake, umpatie leo mtu wa kumwamini. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.