Farasi Mwenye Mbawa: Mchezo wa Mtoto na Amana ya Wazazi

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo.

 

Huenda mada ya leo ikaonekana nyepesi mbele ya zile tulizozizoea msikitini. Tumezoea kukumbushana juu ya swala, zaka, ndoa na mirathi. Leo tunakumbushana juu ya mchezo wa mtoto, na juu ya vile vitu vya kuchezea tunavyomnunulia, hasa inapokaribia Idi. Tumelichagua jambo hili kwa sababu mtoto mdogo hukaa chuoni saa chache tu, kisha sehemu kubwa ya siku yake hupita katika mchezo. Humo ndimo anamojifunza kusubiri zamu, kusema kweli au kudanganya, kushindwa bila ya kugombana, na kukifikiri kitu ambacho bado hakipo. Basi mzazi asiyeutazama mchezo wa mwanawe amemwachia mwenye duka sehemu kubwa ya malezi.

Makundi mawili

Katika jamii yetu yako makundi mawili. Kundi la kwanza huona mchezo wote ni upuuzi. Mtoto akitoka skuli huingia madrasa, akitoka madrasa hukalishwa kudurusu, na akikutwa na gololi mfukoni huchapwa. Watu wa kundi hili hushika aya zinazoyaita maisha ya dunia mchezo na pumbao. Hoja hiyo haikukaa mahali pake. Aya hizo zinawaonya watu wazima wenye akili timamu walioisahau Akhera. Mtoto ni mtu ambaye kalamu bado haijaanza kumwandikia dhambi.

Tukitazame kisa cha Nabii Yusuf (A.S.). Ndugu zake walipomwomba baba yao awaruhusu kutoka naye ili akafurahi na kucheza, Nabii Yaaqub (A.S.) hakuwajibu kuwa mchezo haumfai mwana wa Mtume. Hofu aliyoitaja ilikuwa mbwa mwitu, na wao kughafilika naye. Kwa hiyo alilogusa ni lile ambalo kila mzazi anapaswa kulijua: mtoto anacheza wapi, na nani, na ni nani anayemwangalia.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, sawa na 1111 Miladia, amelieleza jambo hili katika Ihyaa Ulumid-Din. Anaelekeza kwamba mtoto akitoka chuoni aruhusiwe mchezo mzuri wa kumpumzisha na uchovu wa masomo. Anaonya kwamba kumkataza kucheza na kumlemea kwa masomo daima huua moyo wake, hudumaza akili yake, na humfanya atafute hila ya kuyakimbia masomo yenyewe. Mwalimu anayelalamika kuwa wanafunzi wanatoroka chuo na amzingatie mwanachuoni huyu.

Kundi la pili huona mchezo ni kitu cha kununuliwa. Mtoto akilia hupewa simu. Idi ikifika hununuliwa bunduki ya plastiki, na ikivunjika siku ya tatu hununuliwa nyingine. Wazazi hawa wana mapenzi, na wengi wao hujinyima ili mtoto afurahi. Lakini hawajajiuliza kitu kile kinamfundisha nini mtoto, wala kinamwachia kazi gani ya kufanya.

Mafunzo kutoka nyumba ya Mtume (S.A.W.)

Amepokea Abu Daud kwamba Mtume (S.A.W.) alirejea kutoka katika mojawapo ya safari za vita, upepo ukafunua pazia, wakaonekana wanasesere wa Bibi Aisha (R.A.). Akauliza ni nini vile. Akajibiwa kuwa ni mabinti zake. Katikati yao akaona farasi mwenye mbawa mbili za vitambaa. Akauliza ni kitu gani kile, na kina nini juu yake, na je, farasi huwa na mbawa? Bibi Aisha akamuuliza kama hakusikia kwamba Nabii Suleiman (A.S.) alikuwa na farasi wenye mbawa. Mtume (S.A.W.) akacheka mpaka magego yake yakaonekana.

Ndugu zetu, tutulie hapa kidogo, kwani ndani ya kisa hiki mna mafunzo matatu. La kwanza, mbawa za farasi yule zilikuwa vitambaa tu, vipande ambavyo nyumba yoyote inavyo. La pili, fikra ya mbawa ilitoka katika visa vya Mitume. Simulizi za dini zilikuwa zimeingia katika nafsi ya msichana, nazo zikatoka kupitia mikono yake. La tatu, Mtume (S.A.W.) angeweza kusema kwamba farasi hana mbawa, na mazungumzo yangekwisha. Badala yake aliuliza, akasikiliza, akauliza tena, akacheka. Mtoto wetu akituletea kipande cha ubao na kusema hii ni ndege inayokwenda Makka, sunna ni kumuuliza imebeba mahujaji wangapi.

Katika Sahihi Bukhari imepokewa pia kwamba Bibi Aisha alikuwa na rafiki zake wa kucheza nao. Mtume (S.A.W.) akiingia, walikimbia kujificha, naye huwarudisha kwake wakaendelea kucheza. Kila mwalimu na kila baba ajiangalie: watoto wakimuona hukimbia, na je, yeye huwaita warudi?

Na yuko Bibi Rubayyi bint Muawwidh (R.A.), aliyesimulia kuwa walikuwa wakiwafungisha watoto wao siku ya Ashura, na kuwatengenezea kichezeo cha sufi. Mtoto akililia chakula hupewa kichezeo hicho mpaka wakati wa kufuturu. Mama Muislamu wa Madina alitengeneza kichezeo kwa mkono wake, akakitumia kumsaidia mwanawe katika ibada. Anayesema mchezo na dini havikai nyumba moja, na aijibu hadithi hii.

Tuingie dukani

Sasa tuingie kwa fikra katika duka lolote la vitu vya watoto, liwe la Kariakoo au la Darajani, tuitazame rafu moja baada ya nyingine.

Rafu ya kwanza ni ya bunduki. Uislamu haukuukataza mchezo wa ushujaa. Wahabeshi walicheza kwa mikuki yao msikitini siku ya Idi na Mtume (S.A.W.) akawatazama, na kulenga shabaha kumesifiwa. Mchezo wa shabaha hufundisha utulivu wa mkono na jicho. Lakini bunduki ya dukani hununuliwa ili mtoto amuelekezee mwenzake na kumwambia amekufa. Nasi tunajua kwamba Mtume (S.A.W.) ameonya vikali juu ya mtu kumuelekezea ndugu yake chuma, hata kama ni ndugu wa baba na mama. Plastiki si chuma, lakini desturi ya mkono huanza kwa plastiki.

Rafu ya pili ni ya wanasesere. Hapo yumo Barbie, aliyeanza kuuzwa Marekani mwaka 1959 akiwa na umbo la mwanamke mzima na mavazi ya kununuliwa kando, pea baada ya pea. Waislamu wengi walimlalamikia, na mwaka 2003 kampuni moja ikamtoa Fulla, mwanasesere mwenye abaya na msala wa kuswalia. Hatua hiyo ilikuwa na nia inayofahamika. Lakini baadaye jina la Fulla likauziwa mikoba, baiskeli hata chakula cha asubuhi, vyote kwa mtoto yuleyule. Hapa pana funzo kwetu sisi tunaolingania islahi. Alibadilishwa vazi, ila lile somo la kutaka na kununua, kisha kutaka tena, likabaki lilivyo. Islahi isiyofika kwenye matamanio ya nafsi imeishia kwenye kitambaa.

Kuhusu hukumu ya wanasesere wenyewe, wanachuoni wengi wamewaruhusu kwa watoto wa kike kwa dalili ya hadithi tulizozitaja, na wengine wakachelea sura kamili. Anayetaka tahadhari na amshonee binti yake mwanasesere wa kitambaa asiye na macho wala pua. Mtoto mwenyewe atamjazia sura, jina na tabia.

Rafu ya tatu ni ya vitu vya betri. Bonyeza, kitaimba. Bonyeza tena, kitacheza ngoma. Kitu kinafanya kila kazi na mtoto amegeuka mtazamaji. Ndiyo maana hukichoka upesi, kwani hakikumwachia la kuongeza. Na tuwatahadharishe wazazi hapahapa: zile betri ndogo za mviringo zikimezwa zinaweza kuunguza koo la mtoto na kumuua. Mtoto akimeza betri, akimbizwe hospitali wakati huohuo.

Rafu ya nne ni ya matofali madogo ya plastiki ya kuunganisha. Mashuhuri zaidi ni ya LEGO, kampuni iliyoanzishwa na seremala Ole Kirk Christiansen katika mji wa Billund, Denmark, mwaka 1932. Tofali lake la sasa lilisajiliwa mwaka 1958. Wanahisabati wamekokotoa kwamba matofali 6 tu ya rangi moja, yenye vifundo 8 kila moja, yanaweza kuunganishwa kwa namna 915,103,765. Subhanallah! Vipande sita vyenye milango milioni mia tisa! Lakini leo mengi huuzwa katika boksi lenye picha na maelekezo ya kujenga kitu kimoja. Mtoto akikijenga, kikawekwa juu ya kabati kisiguswe, milango yote iliyobaki imefungwa.

Kipimo kinachotokana na rafu hizi ni hiki: tusitazame kichezeo kinafanya nini, tutazame kinamwachia mtoto afanye nini.

Karakana ya uani

Kwa kipimo hicho, baadhi ya vichezeo bora havimo dukani kabisa. Gari la waya lenye magurudumu yaliyokatwa kwenye kandambili mbovu limemlazimu mtoto kupima, kukunja, kukosea na kukunja upya. Kishada kimemfundisha upepo na uzito wa mkia. Mpira wa matambara hauchezeki peke yako, na kombolela haina ladha bila ya wenzako. Mtoto asiye na senti ameyapata yote hayo, naye mtoto wa tajiri aliyefungiwa ndani na simu ameyakosa.

Tusidhani haya ni ya kupoteza muda. Katika nchi jirani ya Malawi, kijana William Kamkwamba, aliyezoea kufungua redio mbovu ili ajue zinavyofanya kazi, aliacha skuli kwa kukosa ada wakati wa njaa ya mwaka 2001 na 2002. Akaenda maktaba ya kijiji, akasoma, akaokota vyuma vya jalalani na fremu ya baiskeli, akajenga kinu cha upepo kilichowasha taa nyumbani kwao. Watu waliomuona akiokota takataka walidhani amerukwa na akili. Tujiulize ni watoto wangapi wa mitaa yetu wamechapwa kwa kuokota waya.

Yanayotupasa

Kwanza, tuupe mchezo wakati wake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989 na Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 vimeuhesabu mchezo kuwa haki ya mtoto. Sisi tulio na sunna tusiwe nyuma katika jambo ambalo nyumba ya Mtume (S.A.W.) ililitangulia. Madrasa iweke muda wa mchezo, na muda huo usiliwe na adhabu.

Pili, tuulinde uwanja. Tunaponunua kiwanja cha msikiti tukumbuke watoto, na kila pembe isigeuzwe kuwa fremu za kupangisha.

Tatu, tuwe waadilifu. Numan bin Bashir (R.A.) alipopewa zawadi na baba yake, Mtume (S.A.W.) alimuuliza baba huyo kama amewapa watoto wake wote mfano wake, na alipojibu hapana akamuamrisha uadilifu. Mwenye kumnunulia mtoto wa mke mmoja baiskeli na wa mwingine pipi anapanda chuki ambayo haitang'oka kwa mawaidha.

Nne, kabla ya kununua tutengeneze. Baba akae na mwanawe Ijumaa jioni, washone, wachonge, wagundishe. Mtoto atasahau bei ya kitu, lakini hatasahau mikono iliyokaa karibu na yake.

Tano, tuwasimulie visa vya Mitume kwa namna inayoingia katika nafsi zao. Msichana wa Madina asingeziweka mbawa juu ya farasi wake kama hakuna aliyemsimulia habari za Suleiman (A.S.). Nyumba isiyo na simulizi itawaachia watoto wake simulizi za wauza vichezeo.

Tunamuomba Allah (S.W.) awajaalie watoto wetu kuwa kiburudisho cha macho yetu, atupe subira na hekima katika malezi yao, na asitusimamishe mbele Yake Siku ya Kiyama hali tumeipoteza amana hii. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.